Erasmus yupi? Picha nne za msomi mmoja, na ipi ikufae

Wengi wetu tumelijua jina la Erasmus kabla ya kumjua mwenyewe. Ni jina la ufadhili: fulani kapata Erasmus Mundus, fulani kaomba akakosa na mwaka huu anajaribu tena. Mdogo wangu alipopata wa kwake, alinipigia akiwa hata mwezi hajamaliza Ulaya. Nilidhani atalalamikia baridi. Akauliza, "Kaka, hivi Erasmus ni mtu au ni kifupi cha maneno?" Nikamwambia ni vyote viwili, dogo. Walioanzisha mpango wa Erasmus wa Ulaya mwaka 1987 walipanga maneno ya Kiingereza kwa hila mpaka herufi za mwanzo zikatoa jina la mzee wa Rotterdam.

Baada ya wiki akarudi na swali lililonishinda kulijibu kwa simu. Alitaka kwenda kumwona huyo mzee kwenye jumba la makumbusho, na mimi huku nilikuwa natafuta picha yake ya kubandika kwenye chumba chetu cha kusomea. Tulipoitafuta mtandaoni, kila mmoja akapata yake. Ya kwangu ilimwonesha mtu mwenye koti la manyoya aliyetulia kama hakimu. Ya kwake ilikuwa ya mtu ameinama anaandika, hata hakutazami. Pua ndefu ni ileile, kofia nyeusi ni ileile, lakini ungedhani ni watu wawili.

Kwa hiyo nimeziweka picha nne pamoja, zile ambazo mtu akitafuta atakutana nazo kwanza: ya Quentin Metsys ya 1517, mbili za Hans Holbein za 1523, na ya Albrecht Dürer ya 1526. Zote zilitengenezwa Erasmus akiwa hai, na wote watatu walikuwa wamekutana naye ana kwa ana.

Kwanza, mtu mwenyewe

Alizaliwa Uholanzi miaka ya 1460, mtoto wa padri, na alifariki Basel, Uswisi, mwaka 1536. Alikuwa mkubwa miongoni mwa wasomi wanaoitwa wahumanisti. Neno hilo lisikupeleke kwenye mashirika ya misaada. Hawa walikuwa watu wa matini: walizama kwenye Kilatini na Kigiriki cha kale, wakaamini kwamba vitabu vikisafishwa makosa yaliyoingizwa na wanakili, basi na elimu, na hata imani, vitanyooka. Mwaka 1516 Erasmus alitoa Agano Jipya la Kigiriki lililochapwa Basel, pamoja na tafsiri yake mwenyewe ya Kilatini.

Ila kwa msomaji wa Kiswahili kuna jambo linalomsogeza karibu zaidi: alikuwa mkusanyaji wa methali. Mkusanyo wake wa kwanza, uliotoka Paris mwaka 1500, ulikuwa na methali kama 800 za Kigiriki na Kilatini. Aliendelea kuongeza na kufafanua hadi alipokufa, zikapita 4,000. Shika hilo la methali, kwa sababu moja imeandikwa ndani ya picha mojawapo hapa chini.

Vigezo nilivyotumia

Nimeacha swali la ipi ni nzuri, maana hilo ni la macho ya mtu. Nimeuliza mambo manne kwa kila picha. Sura: mchoraji alikuwa na Erasmus mbele yake, au alichora kwa kumbukumbu? Kazi: picha inasema nini kuhusu kusoma na kuandika? Mpokeaji: ilitengenezwa kwa ajili ya nani? Na upatikanaji: iko wapi leo, na ukiichapa kwenye karatasi ya kawaida inatokaje?

Hilo la tatu ndilo ambalo watu hulisahau, na kwangu ndilo lenye uzito. Erasmus alikuwa na marafiki nchi nyingi na aliishi kwa barua. Picha zake zilisafiri kama barua zake: kila moja ilikuwa na anayetumiwa.

1. Metsys, Antwerp, 1517

*Sura.* Erasmus alikaa mbele ya mchoraji, na tunajua hata siku iliyoharibika. Alimwandikia rafiki yake Thomas More, mwanasheria na mwandishi wa Uingereza, kwamba daktari alimpa vidonge vya kusafisha tumbo, akavimeza. Aliporudi kwa mchoraji, Metsys akamwangalia akasema uso huu sio ule. Kazi ikasimama siku kadhaa mpaka mgonjwa apate nafuu. Mchoraji wa kukubahatishia sura hasumbuki hivyo. Basi kwa anayetaka Erasmus wa miaka hamsini hivi, kabla maradhi na ugomvi wa dini havijamchosha, huyu hapa.

*Kazi.* Anaandika kwenye kitabu kikubwa kilichofunguka, na maneno yanasomeka kuwa mwanzo wa ufafanuzi wake wa Waraka kwa Warumi, kazi aliyokuwa nayo mezani wakati huohuo. Nyuma yake kuna rafu yenye vitabu vilivyoandikwa majina: Agano Jipya, Jerome mtakatifu mfasiri wa Biblia, Lucian mcheshi wa Kigiriki. Ni kama mtu kapigwa picha na wasifu wake wa kazi umebandikwa ukutani.

*Mpokeaji.* Hapa ndipo penye utamu. Picha hii ilikuwa nusu tu. Nusu ya pili ni ya Pieter Gillis, karani wa mji wa Antwerp, na wawili hao waligawana gharama ili wamtumie More zawadi ya picha pacha: rafiki mmoja kila upande, rafu za vitabu nyuma yao zikiwaunganisha kama wamekaa chumba kimoja. Gillis ameshika barua mkononi, na mwandiko uliochorwa juu yake ni mwandiko wa More mwenyewe. More alizipokea akiwa Calais kwa shughuli za mfalme. Alistaajabu jinsi Metsys alivyouiga mwandiko wake, akamwomba Gillis amrudishie barua ile halisi aiweke pembeni ya picha, ili maajabu yawe maradufu.

*Upatikanaji.* Pacha walitenganishwa. Erasmus yuko kwenye mkusanyo wa mfalme wa Uingereza, Gillis yuko Longford Castle, jumba la watu binafsi hukohuko Uingereza. Picha za mfalme huhamishwahamishwa baina ya majumba, kwa hiyo angalia inaoneshwa wapi kabla ya kununua tiketi ya treni. Kwenye karatasi inatoka vizuri kiasi, ila usiichape peke yake. Erasmus bila Gillis ni kama kusikiliza upande mmoja wa simu.

*Inamfaa* anayefundisha au kuandika juu ya urafiki wa wasomi, na yeyote anayesoma Utopia ya More. Kitabu kile kilitoka Leuven mwaka 1516 kwa mkono wa Erasmus na Gillis, na Gillis yumo ndani yake kama mhusika.

2. Holbein, picha ya koti la manyoya, 1523

*Sura.* Miaka sita imepita. Erasmus sasa anaishi Basel, na jina lake linajulikana Ulaya nzima. Holbein ni kijana wa miaka ishirini na kitu, mkaazi wa mji huohuo. Uso umegeuzwa robo tatu, midomo myembamba imefungwa, macho yanatazama mbali. Hapa hakuna vidonge vya daktari. Huyu ni mtu aliyejitayarisha kutazamwa.

*Kazi.* Haandiki. Mikono yote miwili imepumzika juu ya kitabu kilichofungwa, na ukingo wa kitabu una maneno ya Kigiriki: kazi za Hercules, yule shujaa wa hadithi za Kigiriki, za Erasmus wa Rotterdam. Hiyo ndiyo methali niliyokuambia uishike. Kwenye mkusanyo wake, "kazi za Hercules" ni methali aliyoifafanua kwa kurasa nyingi, akalalamika kwamba kusafisha matini ya kale ni kazi ya namna hiyo, ya kuvunja mgongo huku shukrani zikiwa chache. Sasa iangalie tena picha. Bwana huyu aliyevaa kitajiri ameweka mikono juu ya jasho lake mwenyewe.

Nyuma yake kuna nguzo ya kuchongwa kwa mtindo wa Kirumi, pazia la kijani lililosogezwa, rafu yenye vitabu na chupa ya kioo. Kwenye kitabu kimojawapo Holbein kajiandikia majivuno kwa Kilatini, kwa maana kwamba ni rahisi kumkosoa kuliko kumuiga. Kijana hakuwa na haya.

*Mpokeaji.* Inaaminika ndiyo iliyokwenda kwa William Warham, askofu mkuu wa Canterbury, aliyekuwa akimpa Erasmus pesa za kujikimu. Erasmus alimwandikia mwaka 1524 kwamba ampokee huyu aliyechorwa, ili awe na kitu cha Erasmus endapo Mungu atamwita. Maneno ya mtu mgonjwa, naam, lakini pia ya mtu anayejua kumshukuru mfadhili. Ukijua hivyo, koti la manyoya nalo linaeleweka: mfadhili anaoneshwa kuwa pesa yake haikupotea.

*Upatikanaji.* Ni mali ya Longford Castle, na imekuwa ikioneshwa kwa mkopo National Gallery ya London, ambako kiingilio cha kawaida ni bure. Kwenye karatasi ndiyo iliyonitia hasara. Niliipeleka steshenari ya mtaani nichapishiwe ya A3, na joho, kofia na kivuli vikatoka bonge moja jeusi lenye uso katikati. Ukitaka kuichapa, tafuta faili kubwa, iongezewe mwanga, na utumie karatasi nzito.

*Inamfaa* anayetaka picha ya hadhi: ukumbi wa shule, jalada, ofisi ya mkuu wa idara. Kasoro yake ni hiyohiyo hadhi. Mwanafunzi akiitazama anaweza kuondoka akiamini usomi ni koti.

3. Holbein, picha ya kuandika, 1523

Mwaka uleule, mchoraji yuleyule, kofia ileile. Lakini hii ya Louvre, jumba la makumbusho la Paris, ni ndogo, kama sentimita 42 kwa 32, na ndiyo aliyoipata mdogo wangu.

*Sura.* Inaonekana ubavu tu, jicho limeshuka kwenye karatasi. Kwa kufanana na mtu siipunguzii kitu: ubavu hauna pa kujificha, na ile pua iko pale yote. Ila hutapata macho yake. Kama kwako picha ya mtu ni kutazamana naye, hii itakunyima.

*Kazi.* Hakuna inayoifikia kwa hilo. Itazame mikono kabla ya uso. Wa kulia umeshika kalamu, na ncha iko kwenye mstari. Wa kushoto, wenye pete, umeikandamiza karatasi isiteleze. Hivyo tu. Kila aliyewahi kuandika kwa mkono anaujua ule mkono wa pili usiosifiwa. Holbein aliujua pia: Louvre ina karatasi alizochorea mikono ya Erasmus peke yake kwa mazoezi, kabla ya kuanza kupaka rangi. Ukutani nyuma kuna zulia la rangi ya kijani iliyofifia, na hakuna rafu, hakuna majina ya vitabu, hakuna nguzo ya Kirumi. Kuna mtu na sentensi ambayo haijaisha.

(Kando kidogo: neno letu *kalamu* limetoka kwenye Kiarabu *qalam*, nalo Kiarabu lililitoa kwenye Kigiriki *kalamos*, yaani unyasi. Mzee aliyejifunza Kigiriki akiwa mtu mzima angelipenda neno lililotembea hivyo.)

*Mpokeaji.* Mwaka 1524 Erasmus aliandika kwamba ametuma picha zake mbili Uingereza, na kwamba mchoraji huyohuyo amechukua nyingine kwenda Ufaransa. Hii ya Louvre ilikuja kuwa ya mfalme Charles wa Kwanza wa Uingereza, ambaye aliitoa pamoja na kazi ya Titian, mchoraji wa Italia, akapewa Yohana Mbatizaji wa Leonardo da Vinci. Leo Erasmus na Yohana wote wako Louvre, chini ya paa moja, na biashara ile imebaki hadithi.

*Upatikanaji.* Paris, kwa kiingilio. Aliye karibu na Uswisi aende Kunstmuseum Basel: kuna ndugu wa picha hii, wa 1523 pia, ambako maandishi kwenye karatasi yanasomeka, naye Erasmus anaanza ufafanuzi wa Injili ya Marko. Kwa kuchapa ni rahisi kuliko ile ya kwanza ya Holbein, kwa sababu mikono na karatasi nyeupe vinabeba mwanga hata steshenari ikiwa mbovu.

*Inamfaa* anayeandika. Mwanafunzi wa tasnifu, mfasiri, mhariri, mtu wa kazi za usiku.

4. Dürer, 1526

Hii si picha ya rangi. Imechongwa kwenye bamba la shaba kisha ikapigwa chapa kwa wino mweusi, ukubwa wa karatasi ya A4 iliyopunguzwa kidogo.

*Sura.* Hapa Dürer anashindwa, na aliyesema hivyo ni Erasmus mwenyewe, kwa adabu. Walikutana mwaka 1520 Dürer alipotembelea nchi za Uholanzi, akamchora kwa mkaa haraka. Bamba lenyewe alilichonga miaka sita baadaye, Erasmus akiwa mbali. Erasmus alipoiona alimwandikia rafiki yao Willibald Pirckheimer kwamba isishangaze ikiwa haifanani sana, maana yeye si yule wa miaka mitano iliyopita. Uso umejaa, mwili umepotea ndani ya mikunjo ya nguo. Mikunjo, lakini, ni mizuri ajabu.

*Kazi.* Amesimama mezani anaandika barua, mbele yake vitabu vimelala na kusimama, kimoja kiko wazi kabisa, pembeni chombo cha maua. Na nyuma, kubwa kuliko kichwa chake, kuna ubao wa maandishi. Kwa Kilatini unasema kuwa hii ni taswira ya Erasmus iliyochorwa na Albrecht Dürer kutoka kwa mtu aliye hai. Chini yake, kwa Kigiriki: maandishi yake yataonesha taswira iliyo bora. Maneno hayo ya Kigiriki hayakuanza kwa Dürer. Yalikuwa kwenye medali ya Erasmus aliyoitengeneza Metsys mwaka 1519. Lakini hapa yamepewa nafasi kuliko uso wenyewe, na sijui picha nyingine ya zama zile inayomwambia mtazamaji waziwazi kwamba aache kuitazama akasome.

*Mpokeaji.* Yeyote mwenye senti. Hiyo ndiyo tofauti kubwa na zile tatu. Metsys na Holbein walitengeneza kitu cha mtu mmoja. Bamba la shaba linatoa nakala nyingi. Erasmus, aliyejijenga kwa mashine ya uchapaji, hapa naye kachapwa. Mwaka 1528 aliandika sifa za Dürer, kwamba alichokifanya Apelles, mchoraji wa Ugiriki ya kale, kwa rangi, huyu anakifanya kwa mistari myeusi peke yake. Na kuna jambo la nyuma ya pazia. Mwaka 1521, uvumi ulipoenea kwamba Martin Luther, mtawa wa Ujerumani aliyelipinga Kanisa la Roma, ameuawa, Dürer aliandika kwenye shajara yake akimwita Erasmus ajitokeze, apande farasi kama askari wa Kristo. Erasmus hakupanda farasi yeyote. Miaka mitano baadaye Dürer akamchora pale alipobaki: mezani.

*Upatikanaji.* Nakala za wakati ule ziko makumbusho mengi, yakiwemo British Museum na Metropolitan ya New York, ingawa picha za karatasi haziachwi ukutani muda mrefu kwa sababu ya mwanga. Metropolitan inaruhusu kupakua faili bure. Na steshenari haiwezi kuiharibu: mistari ni mistari.

*Inamfaa* darasa, kikundi cha usomaji, na mwenye bajeti ya shilingi chache.

Sasa, wewe uko wapi?

Ukiwa London na una nusu siku, nenda National Gallery kwa lile koti la manyoya, lakini isogelee mpaka uione ile Kigiriki kwenye ukingo wa kitabu. Ukiwa na rafiki wa kwenda naye, na mnapenda kubishana, mtafute Metsys pamoja na picha ya Gillis kwenye simu, muiweke pembeni.

Ukiwa unafundisha historia, ningetumia mbili na si moja: Holbein wa koti na Dürer, siku moja, bila maelezo, halafu uwaulize wanafunzi yupi ni tajiri na yupi ni msomi. Watagawanyika, na somo litajiendesha.

Anayeandika insha ambayo hoja yake ni sura halisi ya mtu ajenge juu ya Metsys na Holbein. Akimtumia Dürer kama ushahidi wa sura, mwalimu makini atamrudishia.

Kwa ukuta wa nyumbani, jiulize unataka nini saa tano usiku kazi ikiwa haijaisha. Kuna wanaohitaji mtu mwenye heshima wa kuwatazama ili waone haya. Wengine, na mimi nimo, tunahitaji mtu aliyeinamia kazi yake asiyetujali.

Mdogo wangu alikwenda Paris. Aliniambia alisimama mbele ya ile picha ndogo akaiangalia ile pete, halafu akakumbuka ana ripoti ya Jumatatu. Kwenye chumba chetu cha kusomea ipo ya Dürer, kwa sababu ndiyo iliyotoka vizuri kwenye A3, na kijana mmoja wa kidato cha nne ameshaniuliza yale maandishi ya nyuma yanasemaje.